Lori Lililovutwa Hadi Awasi

Kuna Jumatano moja ambayo siisahau, mwanangu. Baba yangu alifariki alfajiri hospitalini, nami nikarudi nyumbani Kaloleni, hapo Kisumu, baadaye nikakuta ua umejaa watu. Mtu akanitia kikombe cha chai mkononi. Nilikuwa nimekunywa nusu nilipogeuka kutazama kule pembeni, chini ya mabati, mahali tulipokuwa tumepanga vyuma vya injini ya lori. Hapakuwa na kitu. Palikuwa pamefagiwa, pamenyunyiziwa maji, na viti vya waombolezaji vilikuwa vimeshawekwa.

Ngoja kwanza nikueleze habari ya hiyo injini, maana ninyi vijana mkisikia injini mnafikiri ni kitu cha kufungua asubuhi na kufunga jioni. Siku hizi mna simu. Mnamtazama mtu wa ng'ambo akifunga injini nzima kabla maji ya ugali hayajachemka, na hamwonyeshwi zile sehemu alizokuwa akitukana.

Baba aliendesha malori ya watu karibu maisha yake yote. Alibeba miwa, mchanga, mchele wa Ahero, mpaka akajinunulia lake mwenyewe, kuukuu, la buluu, lenye moshi mwingi kuliko jiko la kuni mbichi. Moshi ulipozidi alikataa kulipeleka gereji. Alisema tutalifungulia uani. Tukaishusha injini kwa mnyororo, tukatoa kila kitu, vya kuchongwa vikapelekwa kuchongwa vikarudi. Utaratibu wake ulikuwa mmoja tu. Kila tulichokitoa alikilaza juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, kwa mpango uleule kilivyokaa ndani, na kila bolti aliichomeka kwenye boksi mahali pake. Alivilinda hasa vile vifuniko vinavyoishika kranki, yaani kile chuma kirefu kilichopindapinda ambacho pistoni hukizungusha. Namba za vifuniko zilikuwa zimefutika zamani, kwa hiyo mpango wa maboksi ndio uliokuwa kumbukumbu yetu.

"Hizi usichanganye," aliniambia. "Kila moja iko na nyumba yake."

Tulikuwa tunajiandaa kuanza kurudisha alipougua. Siku moja kabla ya kufa alinishika mkono, dada yake akiwa amesimama pale kitandani. Dada huyo ni shangazi yangu Adoyo, ambaye kwa Kijaluo nilimwita Waya. Baba akasema, "Mimi nisiende nyumbani na gari ya watu. Nimebebea watu maisha yote. Nipeleke na yangu." Nikamwambia nitampeleka. Nyumbani kwetu ni karibu na Awasi, na mtu mwenye boma lake hazikwi mjini. Mazishi yakapangwa yawe Jumamosi.

Sasa rudi nami pale uani, nikiwa na kikombe mkononi. Nilimwona Waya Adoyo akitoka jikoni na ufagio.

"Waya, vyuma viko wapi?"

"Nimekuwekea vizuri, nyathina, mtoto wangu. Ziko kwa karai. Nimepanguza hata."

"Na maboksi?"

Akakitazama kikombe changu. "Si hizo nimewashia moto ya chai?"

Ile chai sikuweza kuimaliza wala kuimwaga. Na ningemlaumuje? Alifanya lile ambalo kila mwanamke wa kwetu angelifanya. Watu wanapokuja kulia, ua wa marehemu haubaki na grisi na vyuma vya kukwaza wazee. Alikuwa amewahi kutoka hospitalini, akamsafishia kaka yake ua. Kila kitu kikaingia kwenye karai moja, bolti fupi na ndefu, vifuniko vyote, na juu yake akafunika kitambaa safi.

Tangu saa hiyo sikukaa. Watu walikuja kunipa pole nikawanyoshea kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na mafuta. Kwaya ya kanisa ilikuwa inaimba upande huu, mimi upande ule nagonga. Sikuwa nimelia. Sikutaka kulia, nilitaka injini iwake. Nilivifunga vile vifuniko kwa kubahatisha, nikakaza, nikajaribu kuzungusha kranki ikagoma. Nikafungua, nikabadilisha, nikakaza tena, ikagoma. Chakula nilikula nimesimama. Mama yangu alinituma nikachague jeneza, nikasema nakuja, nikarudi kwenye karai. Aliyekwenda kulichagua ni Mzee Juma, jirani yetu Mwislamu, rafiki wa baba tangu ujana wao, aliyekuwa na lori kama sisi.

Ijumaa mchana nilichukua paipu ndefu ya maji, nikaichomeka kwenye mkono wa spana ili nipate nguvu ya kuizungusha kranki hata kama haitaki. Fundi yeyote atakwambia kwamba kitu kikikataa kwa mkono, ukikilazimisha kwa paipu utakwaruza au utavunja. Nilijua hivyo mwanangu, usidhani sikujua. Nilikuwa nimefika mahali ambapo kuvunja kulikuwa afadhali kuliko kusimama bila kufanya kitu.

Waya Adoyo alikuja akakalia ile paipu.

"Waya, toka hapo."

"Sitoki. Hii chuma imekukosea nini?"

"Kesho ni kesho, Waya. Nilimwahidi baba. Hata wewe ulisikia."

"Nilisikia. Alisema umpeleke na gari yake. Gari si ndio ile?" Akanyosha mkono kuelekea lori lililokuwa limeegeshwa nje ya ua, boneti wazi. "Magurudumu iko. Usukani iko."

"Haina injini!"

"Kwani yeye hajui haina injini? Si ni yeye alifungua?" Akajipangusa jasho kwa leso. "Ita Juma avute."

Nilimwambia watu watacheka. Lori la mtu aliyejulikana barabara nzima ya Awasi, livutwe siku ya mazishi yake mwenyewe! Nilimwambia ni aibu.

"Baba yako alivuta magari ya watu ngapi kwa hiyo matope ya Kano?" akaniuliza. "Alicheka nani?"

Wakati wa mvua, kwenye uwanda huo wa Kano, baba alikuwa harudi nyumbani bila kumkwamua mtu. Alipoinuka nilichomoa paipu nikaitupa kule, kwa hasira, si kwa hekima. Hekima sikuwa nayo siku hiyo.

Mzee Juma hakuniuliza maswali nilipomwomba avute. Jumamosi asubuhi alikuja amevaa kanzu nyeupe, lori lake ameliosha mpaka tairi, na chuma kizito cha kuvutia akakifunga mwenyewe kati ya gari lake na letu. Tukafunga boneti juu ya pale palipokuwa patupu. Jeneza likapandishwa nyuma, wanawake wakalizunguka, Waya akakaa upande wa kichwa. Mimi nikashika usukani. Njia ile ni tambarare tangu Kisumu hadi Awasi, na Mzee Juma alikuwa anakwenda polepole mno. Kama ingekuwa njia ya milima nisingethubutu, maana bila injini breki ilikuwa ngumu kuikanyaga.

Nitakwambia kilichonisumbua. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unatafuta mafuta. Nilikanyaga, nikakanyaga, na hakuna kilichotokea, gari linakwenda kwa mwendo wa Mzee Juma. Kutoka Kaloleni mpaka Nyamasaria nilikanyaga ile pedali nikijua kabisa haijaunganishwa na kitu. Nilikuwa natokwa na jasho kama mtu anayekimbia. Nilitaka kupiga honi, nilitaka kushuka nikasukume.

Tulipokaribia Ahero ndipo nikatambua kwamba mguu umetulia. Sijui ulitulia saa ngapi. Na kwa kuwa hapakuwa na injini, nikaanza kusikia. Lori lile halikuwahi kumruhusu mtu asikie chochote, baba mwenyewe alikuwa anazungumza kwa kupayuka hata akiwa mezani. Siku hiyo nilisikia mbao za nyuma zikilia, nikasikia sauti ya Waya ikiongoza wimbo na wengine wakiipokea, nikasikia jeneza likisogea kidogo kila tulipopita kwenye shimo. Baba alikuwa nyuma yangu. Nililia pale, mikono yote miwili kwenye usukani, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Ahero wanaume walisimama wakavua kofia. Kama kuna aliyecheka, mimi sikumwona.

Tulimzika. Mzee Juma akalivuta lori tena hadi Kaloleni, na siku za matanga zilipokwisha Waya Adoyo akaja na begi lake. Aliweka karai katikati ya miguu, akaziosha bolti moja moja kwa mafuta ya taa, akazipanga kwa urefu juu ya leso kuukuu. Mimi nilijaribu vile vifuniko kimoja kimoja. Unafunga kimoja tu, unaizungusha kranki kwa mkono. Ikigoma, unakifungua unajaribu kingine. Ni kazi ya kumtia mtu wazimu. Mara nyingi niliiacha nikatoka hadi barabarani, nikatembea huku na huku nikiwa nimeshika spana, halafu nikarudi. Usidanganywe na mvi hizi, mimi si mtu mtulivu, hata leo nikingoja uji upoe natikisa goti. Waya hakuwahi kuniambia nitulie. Alikuwa ananiambia tu, "Jaribu ingine."

Kikifika nyumbani kwake kifuniko, mwanangu, utajua. Kranki inazunguka kwa mkono, laini, bila kelele.

Siku injini ilipowaka, moshi wa kwanza ulijaa ua, majirani wakaja kutazama. Mzee Juma alikuwa anapiga makofi. Nilimtafuta Waya ili nimwone akifurahi, nikamkuta amelipindua karai amelikalia, analia kwa sauti kubwa. Kaburini hakuwa ametoa hata chozi, alikuwa na kazi ya kutuongoza sote. Nikainama nikamuuliza kuna nini.

"Sasa ndio ameenda," akasema.

Haya basi. Nimeyasema yote haya kwa sababu tangu asubuhi nakuona ukiizunguka hiyo injini hapo uani, simu mkono mmoja, spana mkono wa pili. Najua umewaahidi watu kuwabebea mzigo wao Jumatatu, na najua injini imekataa. Na ile paipu uliyoiegemeza ukutani nimeiona. Usifikiri nimezeeka macho.

Sikwambii uwe mpole. Hatujaumbwa hivyo katika nyumba hii. Nakwambia mkono ukianza kutetemeka kwa hasira weka spana chini, tembea mpaka barabarani, urudi. Usilazimishe kitu kilichokataa kwa sababu tu umeahidi, kwani ahadi ni kufika, na mtu anaweza kufika bila kuwa hodari siku hiyo. Ukihitaji kuvutwa, mwite mtu akuvute, mchana kweupe, watu wakitazama. Na kama una nguvu barabara ikiwa na matope, vuta wenzako, baba yangu alivuta na ndiyo sababu Mzee Juma hakuniuliza swali. Hata anayekuchanganyia vyuma mwangalie vizuri kabla hujamfokea, huenda alikuwa anakusafishia ua.

Nenda ukaifungue tena. Nitaleta stuli nikuoshee bolti, na nitajitahidi nisiseme sana. Mungu wa babu yako akupe viganja vinavyosikia kabla ya kukaza. Ayalinde magurudumu yako na njia zako zote za Kano. Na siku boneti yako itakapokuwa haina kitu ndani, akupe mtu mwenye lori safi na kanzu nyeupe, asiyeuliza maswali, akuvute polepole mpaka nyumbani.