Silanga Tuliyoijua kwa Miguu

Mwezi wa nane uliopita nilirudi nyumbani, huku ndani ukitoka mji wa Kabati, nikakuta majirani wanachimba silanga. Lile bwawa letu la udongo lilikuwa limejaa matope makavu kiasi kwamba vijana walikuwa wameweka magoli ya mpira katikati. Nilisimama ukingoni, miguu ikakataa kushuka. Ngoja nikueleze kwa nini, rafiki yangu. Mwanzo wake unachekesha, kwa hivyo cheka ukitaka.

Sisi watoto wa hapa tulikuwa na klabu ya mashua. Ndiyo, hapa Kitui, ambapo punda hushinda njiani akitafuta maji. Hakuna aliyekuwa ameiona bahari. Mwalimu wetu wa darasa la tano alichora mashua ubaoni, akaiwekea tanga, akatuambia kwamba upepo peke yake unaisukuma. Kaka yangu alirudi nyumbani akiiwaza. Jumamosi hiyo alikata kipande cha ule mlingoti mrefu unaoota katikati ya mkonge uliozeeka, mwepesi ajabu, akauchonga mbele, akachomeka kipande cha bati chini usipinduke, akasimamisha kijiti juu na kukifunga karatasi ya mkate. Ikaenda! Mvua zilizofuata zilikuta kila mtoto wa karibu ana boti yake.

Kazi ilikuja kwanza, usifikiri tulikuwa wavivu. Kuteka maji, kumpakia punda mitungi, kupeleka mbuzi. Susu, nyanya yetu aliyetulea, alitufungia muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, uliolala, wenye ile harufu ya moshi ambayo siku hizi siipati popote, hata nikipika kwa kuni. Tukimaliza tulipanga boti kwenye ukuta wa silanga, tukaziachilia, na upepo wa mchana ukazipeleka ng'ambo kwenye jiwe jeupe. Tulikimbia ukingoni tukipiga kelele mpaka vyura wakanyamaza. Sheria ilikuwa moja: hakuna kugusa. Boti ikikwama katikati ni ya upepo, ngoja. Sheria hiyo aliitunga kaka yangu, na alikuwa mkali nayo. Binti wa jirani aliwahi kuisukuma yake kwa fimbo, akafungiwa nje ya klabu mpaka alipoomba msamaha mbele ya wote.

Hatukungoja kwa sababu ya kuogopa maji. Silanga tuliijua kwa miguu. Kiangazi kikiikausha, sisi ndio tulicheza chini yake, tukajua kila bonde na kila kisiki. Tulijua kwamba kutoka jiwe jeupe hadi kisiki cha katikati maji hayapiti kiuno, hata mvua inyeshe namna gani. Kuogelea hakuna aliyetufundisha, na hatukuona haja.

Mwaka huo kiangazi kilikaza. Watu wazima wa mwethya, kile kikundi cha kazi ya pamoja, waliamua kuichimba silanga ishike maji zaidi. Susu alikuwa nao, akibeba udongo kwa gunia mgongoni. Siku ya mwisho walichimba upande wa jiwe jeupe, sisi tukiwa shuleni, na kabla hatujafika nyumbani mvua ikaanza. Ikanyesha usiku kucha. Susu alipika chai huku akiimba, akisema Mungu ameliheshimu jasho lao.

Jumamosi silanga ilikuwa imejaa. Kaka yangu aliiacha karatasi ya mkate, akachukua kitambaa cheupe cha Susu, kile cha kanisani, akakifunga kwenye boti bila kukikata. Angekirudisha kabla Susu hajakitafuta jioni kukipiga pasi. Mungu wangu, ile boti ilivyokwenda! Iliziacha zetu zote nyuma, nyeupe, imeinama kidogo. Halafu karibu na kisiki upepo ukakatika.

Tukangoja. Jua likaanza kuteremka, na kaka yangu akaanza kutazama upande wa nyumbani. Binti wa jirani akamkumbusha sheria yake mwenyewe.

"Si naenda tu mpaka kwenye kisiki," alisema. "Hapo ni kiuno."

Aliingilia kwenye jiwe jeupe, mikono juu, akitembea kama mtu aliye uani kwake. Hatua chache tu, kichwa kikazama. Hakupiga kelele. Sisi tulicheka, tukadhani anatuchezea.

Wanaume walitoka mashambani wakamtoa. Walipokuwa wakimlaza kwenye nyasi, upepo wa jioni ukaja, ukaileta boti polepole mpaka kwenye jiwe jeupe. Kitambaa kilikuwa kikavu. Binti wa jirani alikifungua akampa Susu.

Kwenye mazishi mchungaji alisema kazi ya Mungu haina makosa. Majirani wakasema ajali haina kinga. Mimi maneno hayo huniudhi hadi leo, maana kinga ilikuwepo: mtu mzima mmoja kutuambia, watoto, hapa tumechimba. Lakini nani angejua kwamba tulitembea majini kwa kukumbuka? Susu aliuliza mara moja tu aliingilia wapi. Nikamwonyesha. Akaketi chini palepale, akasema, "Hapo nilichimba mimi." Kitambaa cheupe hakukivaa tena.

Klabu iliishia siku hiyo. Baadaye ua wa mkonge ulitolewa, tukaweka waya. Mwaka baada ya mwaka matope yaliingia kwenye silanga, na kila ilipotajwa kuchimbwa watu walitazama chini. Maji yakawa ya kufuata mbali. Leo ukimwambia mtoto wa hapa kwamba tulishindanisha mashua, atakuuliza wapi.

Basi mwezi huo wa nane nilimkuta Susu ameketi juu ya mtungi wa plastiki ukingoni, amezeeka mno, haoni vizuri. Kazi ya siku ilikuwa imekwisha. Alikuwa amekataa watu waondoke kabla watoto hawajaletwa kutoka shuleni, na msimamizi alikuwa akinung'unika kwamba jua linazama. Watoto walipofika Susu aliwaambia wavue viatu.

"Shukeni," alisema. "Kanyageni hapa mpaka mpajue. Ile ya zamani sahauni."

Walishuka wakisukumana. Shimo jipya likawameza, tukawa tunasikia vicheko tu. Susu aliuliza kila mtoto jina alipopanda, na hakutulia mpaka wa mwisho akatoka. Kisha akageuza uso upande wangu.

"Na wewe."

Nikavua viatu, nikashuka.