Hajiri wa Kisima cha Mchangani

Harufu ya mchanga mbichi ndiyo inayonirudisha kijijini kwetu Nuu. Mwaka ule mvua ilituruka, mto ukakauka, na wanawake wakachimba visima katikati ya mchanga hadi kimo cha mtu. Aliyeshuka chini alichota kwa kibuyu, akangoja maji yajitokeze tena, akachota, na sisi watoto juu tukamimina kwenye mitungi ya plastiki huku punda wakitupumulia migongoni. Kila kisima kilikuwa na mwenyewe na kilizungushiwa matawi ya miiba. Chetu kiliitwa cha Susu Kalunde, nyanya yangu, lakini aliyekichimba na kushuka ndani yake kila asubuhi alikuwa mama yangu, Nduku.

Nasema nyanya kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kumwita. Kwa kweli Susu ndiye aliyemwoa mama. Kwetu Ukambani mjane asiyejaliwa mtoto anaweza kulipa mahari na kuoa msichana, ili watoto wa msichana huyo waendeleze jina la nyumba. Mke wa namna hiyo tunamwita iweto. Hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo mpaka alipotokea Mzee Musyimi, mzee wa kanisa na mfanyabiashara wa mbuzi, aliyevaa koti zito hata saa sita mchana ili tujue kwamba yeye ni mtu. Jumamosi alinunua mbuzi waliokonda wa wajane kwa bei ya kuku, na Jumapili akatufundisha dhambi zetu.

Susu alikuwa amezeeka na alitaka kubatizwa. Aliogopa kuzikwa kimyakimya, bila wimbo. Musyimi akamwambia ubatizo upo, ila kwanza amwondoe yule mwanamke na mtoto wake. Kuondoka tungeenda wapi? Baba yake mama, huko Mbumbuni, alikuwa amekufa, na kaka zake walikwisha kula ile mahari na hawakutaka hata salamu zetu. Ili Susu asisitesite, Musyimi alihubiri juu ya Sara na Hajiri. Katika mahubiri yake Sara alikuwa bibi mheshimiwa, Hajiri mjakazi mwenye kiburi, na kumfukuza jangwani pamoja na mwanawe likawa jambo la usafi tu, kama kufagia uwanja. Watu wakaitika amina. Msichana wa benchi la mbele aligeuka akanitazama, akacheka. Nilimchukia, na nikamchukia zaidi yule mzee aliyempa ruhusa ya kucheka.

Kesho yake, akiwa chini kisimani, mama alianza kuisimulia hadithi ile upya. Sauti ilitoka shimoni, na wanawake waliokuwa wakingoja maji wakasogea.

"Mimi ndio Hajiri," alisema. "Sikujileta kwa hiyo hema. Sara mwenyewe alinitoa jikoni, akasema, wewe zaa, mtoto atakuwa wangu. Nikazaa. Sasa ati niko na kiburi? Kiburi ya nini, na mgongo inauma?"

Wanawake walicheka, kisha baadhi yao wakaacha kucheka. Siku zilizofuata waliidai hadithi kabla ya kudai maji, na kila mmoja akaongeza lake. Mmoja akauliza, "Na huyo Ibrahimu, tajiri hivyo, anampatia mtu kiriba moja ya maji? Hakukuwa na punda?" Sisi wote tulijua kiriba kimoja kinamfikisha mtu wapi katika jua lile.

Habari zilimfikia Musyimi. Alikuja nyumbani na wenzake wawili, wakakalia viti vyetu, wakanywa chai yetu, kisha akasema mama anageuza Neno la Mungu. Jumapili Susu angesimama kanisani na kuchagua. Mama alifunga nguo zetu ndani ya leso, akaiweka mlangoni.

Jumapili hiyo Susu alisimama kwa fimbo yake. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa mama.

"Mzee, hiyo hadithi nimeisikia kwako na nimeisikia kwa bibi yangu huyu nilimlipia mahari," Susu alisema. "Kuna kitu nyinyi wote mmeacha. Hajiri akishaenda, nani alichotea Sara maji? Mama mzee vile, na mtoto mdogo? Sara alikosea. Mimi siwezi kosea."

Akatoka nje. Musyimi akaomba tuimbe. Theolojia yake yote ilikuwa imeshindwa na swali la maji, na hakuwa hata na adabu ya kuona haya. Susu hakubatizwa. Alipokufa kanisa lilikataa kumzika, kwa hiyo tulimzika wenyewe, na wanawake wa kisimani wakaimba mpaka sauti zikawakauka.

Leo ninaishi Sultan Hamud na nimeandika kitabu ambamo wanawake wa Maandiko wanajisemea wenyewe. Wasomi wa mjini huniuliza niliisomea wapi mbinu hiyo, na wachungaji hutangaza kwamba ni mambo ya kuletwa kutoka ng'ambo. Sijui nani kati yao ananichosha zaidi. Lile kanisa letu sasa lina vigae na spika kubwa, na mwaka huu lilinialika kusoma siku ya akina mama, likiniita binti wa kanisa. Mchungaji, kijana mwenye koti kama la Musyimi ila jembamba, aliniomba kwa upole niache habari za mama. "Tuseme tu ulilelewa na nyanya mcha Mungu," alisema. Uoga ule ule, umepakwa rangi mpya.

Nilitaka kukataa. Mama, ambaye bado anaishi katika boma lile, akaniambia, "Enda. Lakini uwaambie mimi ni bibi ya nani."

Nilikwenda. Walinipigia makofi kabla sijafungua kinywa.

"Mimi ni binti wa Nduku," nikasema, "mke wa Susu Kalunde."

Makofi yakakatika. Mchungaji akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Sikumpa.