Gitaa Lililonitoa Machozi Redioni

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini mashine yangu ya kusaga unga niliinunua kwa jasho langu, na redio yetu ya hapa Kasulo imenipa kipindi cha muziki wa roki. Naipenda roki ya vijana wetu wa Ngara na Biharamulo kwa sababu inanguruma kama mashine iliyofungwa vizuri. Wasomi wakanicheka. Nikaapa kuwaonyesha kwamba sikio halihitaji cheti.

Jumamosi iliyopita nikaleta bendi kutoka Nemba, mara yao ya kwanza kusikika hewani. Studio yetu ni finyu, kwa hiyo fundi mitambo wetu, Devota, akawapanga barazani nyuma, jirani na mashine yangu. Nikavaa hedifoni, nikapaza sauti: "Vijana, pigeni!"

Wee! Ukaja mngurumo mpaka kiti kikatetemeka.

"Sikieni gitaa hilo!" nikawaambia wasikilizaji huku machozi yakinitoka. "Huyo anayepiga si mtu wa mchezo!"

Devota akawa ananipungia mikono yote miwili. Nikadhani anacheza, nami nikasimama nikacheza.

Simu ikaita. Nikaiweka hewani kwa madaha, nikijua ni sifa zinakuja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umelisikia gitaa?"

"Nimelisikia, mzee wangu. Ndilo linalonisagia mahindi hapa kwako. Vijana wako wamekalia gunia langu, wananingoja nimalize ndipo waanze kupiga."