Mzinga wa Kumi

Mkulima mmoja wa matikiti kule Mulot alitaka kukodi mizinga kumi ya nyuki maua yake yakichanua. Mimi nilikuwa na tisa, masanduku ya kisasa yenye wavu wa kupitisha hewa. Wa kumi ulikuwa wa baba: gogo alilolichonga mwenyewe, akalitundika nyuma ya nyumba yetu Boito. Nyuki waliingia humo mwaka aliofariki mama, na tangu hapo baba alikunywa chai yake ya asubuhi karibu nao.

"Baba, nipe huo wako wiki tatu tu."

"Hao si wa kukodisha," alisema. "Hao ni wa kuongea na mimi."

Nilimsumbua siku mbili. Mimi nina pupa, nikitaka kitu sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mwishowe akakubali. "Lakini usiwazibe sana."

Nyuki hufungiwa alfajiri kabla hawajatoka. Masanduku hayakunisumbua. Gogo nililikandika mlango kwa mavi ya ng'ombe, nikaziba kila ufa, maana dereva wa pikapu alikuwa ameapa kwamba akidungwa hata na nyuki mmoja atatushusha njiani. Kisha akapiga simu: anapeleka majani chai kwanza. Alifika saa saba mchana. Asubuhi yote niliwasikia wakivuma mle ndani kwa nguvu isiyo ya kawaida, na sikutoboa hata tundu la kidole. Niliogopa kukosa gari. Huo ndio ukweli, na unanichoma.

Tulipofika Mulot asali ilikuwa ikichuruzika kwenye pikapu, ya moto. Nilifungua gogo nikakuta masega yameanguka na nyuki wote wamekufa, wamelowa. Mkulima alichukua ile mizinga tisa.

Kila siku baba aliuliza, "Wanafanya kazi?" Nami nikajibu, "Wanafanya vizuri." Akawa anawaambia watu kanisani kwamba nyuki wake wameandikwa kazi. Wiki ya tatu nilinunua kundi lingine kwa jamaa wa Kedowa, nikaliingiza kwenye gogo, nikalitundika mahali pake.

Baba aliweka sikio kwenye gogo, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Asante kwa kurudisha mzinga," alisema. "Sasa hawa wageni wawekee maji, hawajui mto uko wapi."

Nilienda kuchota maji. Mpaka leo sijamwomba msamaha.