Kiti Kirefu cha Chevrolet

Juzi kwenye harusi mjini Kericho niliona gari kuukuu la Kimarekani limepambwa maua. Nikachungulia ndani. Mbele palikuwa na viti viwili, kila kimoja kivyake, nikamhurumia bibi harusi.

Chevrolet ya baba ilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, kutoka mlango hadi mlango. Kilinuka maziwa yaliyomwagika na magunia ya majani chai, mpaka panya wakakimaliza. Baba akawa anatafuta kingine kama hicho kila mahali. Alasiri moja ya mvua, Anko Kiprono akatuletea viti viwili vya Toyota, laini, vyenye harufu ya duka. Nilikalia kimoja nikajiona chifu.

Baba alivitazama tu. "Hapana. Hivi vinaacha shimo katikati."

"Si utaweka debe la maziwa hapo!" Anko akasema.

Mama, aliyekuwa akichagua maharagwe mlangoni, alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. "Baba Chebet, wewe!"

Mimi nilidhani baba anaogopa tutatumbukia.

Kiti chenyewe kilikuja kupatikana Sigor, kwenye pikapu iliyokufa. Jumapili hiyo tulienda kanisani, mimi nikapewa dirisha kama zamani. Mama aliketi katikati, bega lake limeegemea la baba, wakiimba polepole njia nzima mpaka Merigi. Nilimwonea huruma sana, maskini, kwa kukosa dirisha.