Fungu la Shingo

Harufu ya kahawa iliyotiwa iliki naipenda, lakini mpaka leo hunikumbusha kwanza ugeni wetu kabla sijaifurahia. Mwaka wetu wa kwanza Nizwa, katikati ya miaka ya sabini, mimi nikiwa na miaka kumi, harufu hiyo ilikuwa ikitupokea mlangoni kwa Ami Khalfan kila Ijumaa hata hatujavua viatu. Ami Khalfan alikuwa mtoto wa ami yake baba, na ndiye aliyetupa nyumba ya kukaa tulipofika kutoka Unguja na masanduku yetu mawili na cherehani ya mama. Baba aliketishwa kwenye mto mkubwa kuliko yote. Saidi, mtoto mkubwa wa Ami, alisimama mbele yake na dele la kahawa, akammiminia yeye kwanza, na hakuondoka mpaka baba atikise finjani kuonyesha kwamba imetosha. Sinia ya wali ikiletwa, nyama iliyonona iligeuzwa upande wake. Mama naye akitaka kuingia jikoni kusaidia, Bi Zayana, mke wa Ami, alimshika mkono kwa upole akamrudisha kwenye zulia. Mwaka mzima sikumwona mama akimenya hata kitunguu katika nyumba ile.

Mama aliona ni heshima kubwa, na ilikuwa heshima kweli. Lakini baba ilimkaa vibaya. Alikuwa fundi saa, mtu wa vidole vyembamba na maneno machache, na Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea dua zaidi kuliko cha kuzungumzia. Ijumaa moja tukirudi nyumbani, tukipita kando ya mfereji wa falaji, alisema, "Mwaka mzima, Asha. Mwaka mzima nakaribishwa." Mama akamwambia ashukuru, wangapi hawakupata hata wa kuwafungulia mlango. Baba akasema anashukuru, lakini mtu hawezi kuzeeka akiwa mgeni kwa ndugu yake. Mfukoni alikuwa na barua ya rafiki yake wa Dubai aliyemtafutia nafasi kwenye duka la saa. Ami Khalfan alikuwa amemwalika kwenda kuwinda paa milimani, na baba aliamua kwamba akirudi kutoka huko ndipo atakapoijibu. Akiona bado anaandaliwa mto, tutahama. Mimi sikutaka kuhama. Nilikuwa nimeshazoea maji ya falaji na wasichana wenzangu wa kuogelea nao.

Msichana kwenda kuwinda haikuwa desturi ya watu wale. Lakini baba aliomba nifuatane naye, na mgeni hakataliwi jambo, basi Ami Khalfan akaweka mkono kifuani akasema marhaba. Sababu yenyewe nilikuja kuielewa nilipokuwa mtu mzima. Baba alitaka mtu wa kusema naye Kiswahili. Ami Khalfan mwenyewe alikaa Unguja ujana wake, akaendesha duka huko miaka kadhaa, lakini aliporudi aliiweka lugha ile kabatini pamoja na kanzu zake za zamani, na kwetu hakuitoa. Zaidi ya "hujambo, binti" sikupata kumsikia.

Tuliondoka watu sita: baba na mimi, Ami Khalfan, wanawe wawili Saidi na Hamedi, na jirani yao Mzee Mbaraka aliyekuwa na punda. Pikapu ilitufikisha mpaka njia ilipokwisha, tukapanda kwa miguu hadi kwenye pango dogo lenye dimbwi la maji mbele yake. Sijapata kuona mawe mengi namna ile. Sisi tuliotoka kwenye minazi na mikarafuu tulikuwa tumezoea mlima wenye udongo na majani. Ule ulikuwa mfupa mtupu, na katika nyufa zake mgunga mmoja hapa, mkunazi mmoja pale. Baridi ilikuwa ya Januari, ya kukata masikio. Kazi zote walifanya wenyeji wetu. Baba akiinama kuokota kuni, Hamedi anamwahi. Kitu pekee alichoruhusiwa kuleta ni saa yake ya mezani yenye kengele, aliyoitengeneza kwa mkono wake, ili ituamshe kwa sala ya alfajiri. Aliifunga kwenye kilemba cha akiba na kuibeba mwenyewe kwenye mkoba, kwa kuwa hakumwamini punda.

Siku ya kwanza tulijibanza nyuma ya mawe, upepo ukitujia usoni, tumekatazwa hata kukohoa. Kule walikuwa wanawinda kwa kunyamaza. Hilo baba aliambiwa na akalielewa, ila kuelewa kwa kichwa ni kitu kimoja na damu ni kitu kingine. Ujana wake alikuwa akifuatana na wasasi wa shamba, huko Unguja, na usasi wa Unguja ni makelele: watu wanajipanga msituni, wanapiga madebe, wanapiga ukelele, mnyama anakurupuka na kuingia nyavuni. Basi wakatokea paa watatu chini ya mkunazi, wembamba, rangi ya mchanga, dume mbele. Ami Khalfan alikuwa ameshalaza shavu kwenye bunduki. Baba akaruka juu na mikono yake miwili hewani. "Huyooo! Huyo, huyo! Mzungukeni!" Sauti ilipiga mlima wa pili ikarudi. Paa hatukuwaona tena, tulisikia vijiwe tu vikiporomoka.

Nilitamani ardhi inimeze. Saidi alitazama viatu vyake. Ami Khalfan aliishusha bunduki taratibu, akatabasamu, akasema kwa Kiarabu kwamba hapana neno, kheri iko mbele, kisha akamwambia Hamedi amletee baba kahawa. Pale pale, juu ya mawe, baba akamiminiwa kahawa wa kwanza. Aliishika ile finjani kwa mikono miwili na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa. Nilijua kwamba barua ya Dubai imeshajibiwa.

Siku ya pili saa ilituamsha saa kumi na moja alfajiri, tukasali. Kengele ilikuwa imelia mpaka ikaisha nguvu, na baba, kwa mazoea ya fundi asiyeweza kuiacha saa na njaa, akaitia ufunguo upande wa mwendo na upande wa kengele, akairudisha mkobani. Siku nzima hatukuona kitu. Baba alitembea kwa ncha za vidole, akauma ncha ya kilemba ili asije akajisahau tena. Jua lilipokuwa linainama, dume mmoja akashuka kunywa maji, peke yake, karibu kuliko wale wa jana. Niliziona pembe zake na nikaona jinsi alivyokuwa akitikisa mkia. Nikamtazama baba. Alikuwa ameganda kama jiwe, machozi ya kubana pumzi yanamtoka, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nilimjivunia.

Hapo ikatimia saa kumi na moja jioni. Saa ya mezani haijui alfajiri wala magharibi, na fundi saa kuliko watu wote alipaswa kukumbuka. Kengele ikalia ndani ya mkoba kwa nguvu zake zote mpya. Baba alijitupa juu ya mkoba kama anayezima moto, lakini paa alikuwa ameshakwenda zake.

Ami Khalfan alisimama. Alivua kilemba akakibwaga chini, na kilichomtoka kinywani kilikuwa Kiswahili, kitupu, cha Mjini Unguja, cha barazani.

"Ebo! We Suleimani una wazimu? Jana makelele, leo kengele! Umekuja kuwinda au umekuja kufungua chuo? Mtu mzima hovyo, na mvi kichwani! Wallahi ningekuwa na bakora hapa ningekutia. Na ndivyo ulivyo tangu mtoto. Kule shamba, Dole, si wewe uliyenikosesha yule kanga kwa chafya zako?"

Wanawe walibaki wameduwaa. Mzee Mbaraka, asiyejua neno moja la Kiswahili, alianza kuomba msamaha kwa Mungu kwa sauti. Mimi nililia. Ila baba aliinuka kutoka juu ya mkoba, akajikung'uta vumbi, na nilimwona akipata urefu wake wa zamani.

"Yule kanga ulimkosa mwenyewe, Khalfan," alisema. Hakusema Sheikh Khalfan, kama alivyomwita mwaka mzima. "Bunduki ulikuwa umeishika kama mwiko. Chafya nilipiga baadaye."

"Mwongo mkubwa we!"

"Muulize marehemu babu."

Walibishana mpaka magharibi, wakanyamaza kusali bega kwa bega, wakaendelea. Usiku ule Ami Khalfan alimwambia baba akaokote kuni, na aangalie asilete mbichi. Sijamwona baba akienda kufanya kazi kwa furaha kama ile.

Asubuhi yake Saidi alipata paa mmoja, na Ami Khalfan akawahi kumchinja kwa bismillahi. Nyama ikagawanywa mafungu matano juu ya matawi. Desturi yao ilikuwa hivi: kila mwanamume anatoa kitu chake kidogo, vinachanganywa, na mtu aliyegeuza uso anaviweka kimoja kimoja juu ya mafungu. Mgeni hapigiwi kura. Mgeni huchaguliwa paja na kupewa kabla. Ami Khalfan alitoa ganda la risasi, wengine kokwa ya tende, kijiwe, kifungo. Kisha akamgeukia baba.

"Yako iko wapi? Harakisha, nyama inaingia nzi."

Baba alipapasa mifuko yote. Alipata kigurudumu cha saa, cha shaba, kidogo kama punje ya mtama. Mimi ndiye niliyegeuzwa uso, na vidole vyangu vilikitambua kile kigurudumu, nikakiweka bila kujua ninakiweka wapi. Nilipogeuka kilikuwa juu ya fungu baya kuliko yote: shingo, mbavu mbili na miguu ya mbele iliyojaa mishipa. Nilingoja wambadilishie. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mama alipoifungua nyumbani nguo tuliyofungia nyama aliitazama ile shingo, akamtazama baba. "Hili ndilo fungu letu?"

"Ndilo," alisema baba. "Tumepigiwa kura." Akaitoa ile barua mfukoni, akaipasua, akawashia moto wa kupikia. Ile shingo ilichemka mchana kutwa na ndimu na pilipili manga, na mishipa yake haikulainika. Tuliila yote.

Hatukuhama. Nilisoma Nizwa, nikafanya kazi Maskati, nikaolewa na kuzaa katika nchi ile, na kila nilichokipata ninakirudisha kwenye hasira za Ami Khalfan jioni ile, Mungu amrehemu yeye na baba. Paa sasa wamehifadhiwa na sheria, na ni haki yao. Pango lile lina njia ya lami mpaka karibu yake. Wajukuu wa Ami wanapangisha nyumba ya mlimani kwa watalii, na wageni hao hupokewa kwa dele na mito mikubwa, wakapigwa picha wakitikisa finjani. Watoto wangu Kiswahili wanakisikia tu, wakijibu wanajibu kwa Kiarabu. Hilo linaniuma na sina dawa yake.

Sikukuu iliyopita nilichelewa kufika kwa Bi Zayana. Sasa ni mkongwe, haoni vizuri, lakini aliijua hatua yangu. "Idi mubaraka, Bi Zayana," nilisema. Hakuitikia. "Saa hizi ndiyo unafika?" alinifokea mbele ya wakwe zangu. "Watu wako jikoni tangu asubuhi, wewe unakuja umejipamba. Vua hayo, kamenye vitunguu!" Nilimenya mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa yote ya vitunguu. Nilipotoka, wageni walikuwa wamekwisha kunywa. Hakuna aliyeinuka kunimiminia. Nilichukua dele, nikajimiminia kahawa iliyobaki, imeshapoa, nikainywa nimesimama.