Kihachi Apima Uwanja wa Mama Yake

Kabla ya ajali ya kinu cha nyuklia, Nemoto Kihachi ndiye aliyetunyunyizia mpunga dawa, hapa milimani Fukushima, kwa helikopta ndogo isiyo na rubani. Baada ya ajali pipa la dawa lilitolewa, kikafungwa kipima mionzi. Mashamba yaleyale, mistari ileile. Hakulalamika. Akarusha.

Vuli ikafika zamu ya nyumba ya mama yake, Tane. Mionzi ikiwa chini ya kiwango, angeruhusiwa kurudi kulala kwake. Ikizidi, angebaki kwenye vibanda vya waliohamishwa, ambako jirani akikoroma hulali.

"Unyoe ndevu," Tane alimwambia. "Unakuja kwangu, huendi porini."

"Ni kazi, Mama."

"Hata wa kazi ni mgeni."

Siku ya kupima, Kihachi na mwenzake walimkuta amewatangulia kwa kibali cha mchana. Uwanja ulikuwa umefagiliwa ukang'aa, mifereji ya paa imezolewa matope.

"Bibi Tane, upite na kwangu," alisema Anzai, mwenzake Kihachi anayesoma skrini. "Mke wangu kasahau ufagio unashikwa wapi."

"Wewe je, mikono umeiazima?"

Helikopta ikapita. Kwenye skrini uwanja ulitoka buluu, rangi ya usalama. Nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha kulala, pakatoka pekundu.

"Mama, majani na matope umeyapeleka wapi?"

"Nyuma. Mgeni haendi nyuma."

Anzai aliinamisha kichwa. "Pandisha kidogo, kaka," alinong'ona. "Helikopta ikiwa juu, rangi itafifia."

Kihachi alilijua hilo kuliko yeye. Akarudia mstari uleule, kwa kimo kilekile. Pekundu pakabaki.

"Watakuja kuzoa, na udongo wa juu pia," alimwambia mama yake. "Kisha tutapima tena."

"Lini?"

"Theluji ikiisha."

Tane aliutazama uwanja wake. "Kwa hiyo nimeharibu mwenyewe."

"Mionzi ilikuwepo, Mama. Paani, mitini, kila mahali. Wewe umeikusanya tu."

Tane aliingia ndani, akatoka amekumbatia mfarishi mzito wa kujifunikia wakati wa baridi. Hapa kitu hakivuki lango la eneo lililofungwa bila kupimwa, hivyo Kihachi akautandaza juu ya ukuta wa mawe, akaupitishia kipimo cha mkononi taratibu, upande huu na upande ule, hadi kwenye pindo.

"Huu ni salama," alisema.

Akaukunja, akaupeleka garini.